Mbuzi Jikoni, Mara Tatu

Baraka, 12 Februari

Nimeanza kazi. Nicolas ndiye aliyenisukuma. Kabla ya kupanda boti kwenda Kazimia kununua ndagala, dagaa wa ziwani, aliniambia kwamba nikiendelea kukaa ndani nikiangalia ukuta, na mimi nitageuka ukuta. Mume wangu ana maneno makali lakini hana roho mbaya. Nilikubali kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu, na nguvu hizo sina. Tangu Novemba, tulipomzika Mangaza wetu wa miaka minne, watu wananiuliza najisikiaje. Sijisikii kitu chochote, na ndivyo ninavyowajibu.

Kazi yenyewe ni ya mradi fulani wa kupima lugha ya watoto. Mkubwa wangu anaitwa Isidore, kijana kutoka Bukavu, mwenye digrii na viatu visivyoshika tope hata kidogo, sijui anafanyaje. Tutakwenda kwenye kambi ya wakimbizi Warundi, njia ya Mboko, kuwapima watoto wa miaka mitano na sita: mara ya kwanza mwezi huu, mara ya pili Aprili, mara ya tatu Mei, ili waonekane wanavyokua. Mtoto anapewa kitabu cha picha kisicho na maneno. Mbuzi anaingia jikoni, anakula sombe, majani ya muhogo ya kupika, anavunja chungu, anakimbizwa, mwisho anajificha chini ya kitanda. Mtoto anasimulia, kinasa sauti kinanasa, nami narudi biro, ofisini kwetu, kuandika kila neno. Kisha nakata maneno yale sentensi kwa sentensi na kuzipa alama. Sentensi fupi alama moja. Sentensi iliyobeba nyingine ndani yake, kama sufuria za sokoni zinavyoingizwa moja ndani ya nyingine, alama zaidi.

Isidore aliuliza kama nimeelewa. Nilifundisha watoto wadogo miaka minane kabla ya kujifungua, kwa hiyo nilielewa.

14 Februari

Mvua. Piki-piki zilikataa kwenda.

20 Februari

Watoto wa kambini wanasema Kirundi kwa mama zao na Kiswahili kwa dunia nyingine yote. Wengi wamezaliwa pale pale, chini ya turubai. Leo wamesimulia vizuri. Mmoja anaitwa Nella, miaka sita, binti wa kwanza wa mama anayeitwa Claudette anayelima muhogo kwenye shamba la kukodi. Mtoto huyo alikishika kitabu kama mtu anayesoma habari za kifo redioni, akafika ukurasa wa mwisho, akasema: "Ile mbuzi yenye ilikula sombe inajificha chini ya kitanda, juu inajua kama mama akiikuta ataiuza ku soko."

Isidore alicheka mpaka akafuta macho. Kwenye picha hakuna soko. Mimi niliandika alama, pamoja na ya ile "juu" yake ya kusema kwa sababu, nikapindua karatasi.

27 Februari

Mvua. Sikula jioni. Sikuwa na njaa wala sikuwa mgonjwa.

6 Machi

Mtoto mmoja, Eloge, alipata alama chache kuliko wote. Isidore akagundua kwamba hasikii vizuri, masikio yanatoa usaha. Akahangaika yeye mwenyewe mpaka Eloge akapelekwa hospitali Baraka. Amerudi na dawa, na mama yake amerudi na blanketi jipya na sabuni, kwa sababu kuna watu wengine wanaowapa vitu hivyo wagonjwa wote wanaotoka hospitali. Jirani zake walisimama mlangoni kulitazama lile blanketi. Niliwaona, nikapita.

15 Machi

Ziwa limepanda. Kule chini kwa wavuvi, maji yameingia nyumba za mstari wa kwanza. Nicolas alipiga simu, akasema Kazimia nako ni hivyo hivyo, na bei ya ndagala imeharibika. Akauliza kama ninalala. Nikamwambia ndiyo. Kisha vocha yake ikaisha.

9 Aprili

Mara ya pili imeanza. Mtoto wa kwanza alipewa kitabu, akaangalia mbuzi, akasema: "Mbuzi." Nikapindua ukurasa. "Mbuzi." Nikapindua tena. "Chakula." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Nella. Aliweka mikono juu ya magoti, akasema mbuzi kwa kila ukurasa, hata pale ambapo mbuzi haonekani.

Niseme ukweli: nilifurahi, kama hiyo ni furaha. Maneno machache yanaandikwa haraka. Saa nane nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, nimelala na viatu.

16 Aprili

Isidore hana raha. Alinionyesha mchoro kwenye kompyuta, mstari unaoporomoka. Anadhani ni mvua na njaa. Mahema mengi yanavuja, mihogo imeoza ardhini, na mtoto mwenye njaa, alisema, lugha yake inarudi nyuma. Nikasema inawezekana. Akatuma ripoti kwa wakubwa wa mradi.

18 Aprili

Wakubwa wamejibu. Mtoto ambaye Mei atabaki chini ya alama walizoweka, Septemba hataingia darasa la kwanza. Atawekwa kwenye darasa la wachelewaji, mwaka mmoja kwanza, kisha wataona. Nimefundisha miaka minane na najua darasa la namna hiyo linavyokuwa. Mtoto anaingia na miaka sita, anatoka na miaka tisa, na kitu cha kwanza alichojifunza ni kwamba yeye ni mjinga.

Nimesoma barua hiyo mara mbili. Kisha nikachambua maharagwe.

24 Aprili

Leo nina mengi ya kuandika.

Mvua ilitukuta kambini mchana. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha mafunzo, chini ya kipande cha turubai. Upande wa pili wa turubai walikuwa watoto wawili, sikuwaona ila nilizijua sauti. Mmoja alikuwa Nella. Mwingine alikuwa Irankunda, katoto ka jirani yao, ambaye zamu yake ya kupimwa ni kesho. Nella alikuwa anamfundisha. Alikuwa anamfundisha kwa uvumilivu kabisa, kama nilivyokuwa nikifundisha mimi.

"Kama ule mama akikuonyesha mbuzi, we useme tu mbuzi, basi, juu mutoto mwenye anasema yote banaonaka kama iko muzima, na mutoto muzima habamupatiake kitu."

Irankunda akauliza na kwenye chungu aseme nini. Nella akasema hata kwenye chungu ni mbuzi.

Nilisimama pale mvua ikinipiga mgongo. Kwa mazoea tu nilikuwa nimeanza kuhesabu alama kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha. Katika kambi nzima, Februari na Aprili, hakuna mtoto aliyetupa sentensi kama ile. Kumbe hawakurudi nyuma. Wamefundishwa, na wamefundishika.

Nikaona nilivyokuwa kipofu. Watu hawa wamepimwa tangu siku ya kwanza walipovuka mpaka. Mkono wa mtoto unafungwa utepe wa rangi: akionekana mnene anarudishwa, akionekana mwembamba anapewa pakiti za karanga. Nyumba inapimwa: isiyovuja inarukwa. Kila mpimaji aliyefika alikuwa anatafuta upungufu, na kila upungufu ulikuwa na kitu mkononi. Halafu nikaja mimi na kitabu cha mbuzi, na mtoto wa kwanza kushindwa, Eloge, nyumba yao ikapata blanketi. Mama yeyote mwenye akili angefanya walivyofanya. Ningekuwa pale, ningefanya hivyo hivyo.

Nimejua haya yote, lakini moyo umetulia tu, kama vile nimesoma habari za nchi nyingine.

25 Aprili

Nimemwambia Isidore. Alivua miwani, akaisugua. Kisha akasema kwamba tusiwaambie wazazi. Tukiwaambia kipimo kinataka nini, watawakaririsha watoto upande mwingine, na hapo hatutakuwa tumepima kitu. Wakubwa wakisikia, watatupa kazi yote na kuweka kambi nzima kwenye darasa la wachelewaji kwa usalama. Hakusema kwa ubaya. Nilimwangalia nikaona hajalala. Ana haki, na watoto nao wana haki, na mimi niko katikati na sisikii joto wala baridi.

30 Aprili

Nimekwenda kwa Claudette bila kumuaga Isidore. Alikuwa anatwanga sombe mlangoni, mtoto mdogo mgongoni. Siku zote nilimwona kama mama mwenye hesabu nyingi, asiyekupa maji bila kuangalia una nini mfukoni. Nikamweleza yote: kwamba kipimo hiki hakina blanketi, na kwamba anayesema kidogo ndiye atakayeachwa nyuma. Akaendelea kutwanga mpaka nikamaliza.

"Mama, mi niko hapa tangu niko na mimba ya Nella," alisema. "Banapima mukono, mutoto mwenye mukono munene anarudi bure. Banapima nyumba, yenye haivuje haipate turubai. Sasa weye unakuja kupima kinywa, unataka niamini ya kwako iko tofauti?"

Nikasema ya kwangu iko tofauti. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Hapo akaweka mchi chini na kunitazama kwa mara ya kwanza.

"Weye uko na batoto?"

"Niko na moja," nilijibu.

Lilitoka lenyewe, nami sikulisahihisha. Akasema basi nitaelewa kwamba atafikiria. Nilirudi Baraka kwa piki-piki, na njia nzima nilikuwa nikilisikia jibu langu, moja, moja, bila kujua kama nimesema uongo au la.

4 Mei

Jua kidogo asubuhi. Maji ya ziwa hayajashuka.

7 Mei

Nicolas amerudi siku mbili, ameondoka tena. Alilala mkono wake ukiwa juu ya bega langu. Nilijua uko pale kwa uzito wake tu.

14 Mei

Nella.

Claudette alimleta mwenyewe, akakaa nje kwenye jiwe. Isidore alikuwa kibanda kingine na mtoto mwingine. Niliwasha kinasa sauti, nikampa kitabu. Akakifungua, akasema: "Mbuzi." Nikapindua. "Mbuzi."

Kutoka nje Claudette akamwambia kwa Kirundi kwamba aseme, kwamba leo anaruhusiwa. Nella akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akarudisha macho kitabuni. "Mbuzi," akasema taratibu. Hakuwa na woga. Hakutuamini tu, yeye mtoto wa miaka sita, wala simlaumu. Tangu Februari nimekuwa nikimuuliza anaona nini kwenye picha iliyo mbele ya macho yangu mwenyewe. Kwao mtu mzima haulizi kitu anachokiona, wala kwetu Wabembe. Akikuuliza, ujue anatafuta kingine, na mtoto aliyelelewa vizuri anafunga mdomo mpaka ajue ni nini.

Nikakifunga kitabu. Mwaka wa darasa la kwanza wa mtoto yule ulikuwa unaondoka mbele yangu, na sikuwa na swali lingine kwenye karatasi. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Nella, mutoto wangu alikufa. Nguo zake ziko mu nyumba, na sijue nizifanye nini."

Nje, Claudette alisimama. Nella akaweka kidole juu ya jalada la kitabu, akafikiri.

"Alikuwa mwanamuke?"

"Ndiyo."

"Ziko mu sanduku?"

Nikasema ndiyo, na kwamba sijalifungua tangu Novemba. Akatikisa kichwa kama mama mzee anayesikia kwamba mtu ameacha mihogo kwenye maji wiki nzima.

"Mama, kama zinakaa mu sanduku wakati ya mvua, zitaoza, na mutoto mwenye alizivaa atafikiri ulimusahau. Ile siku mudogo yangu alikufa, mama alifula nguo zake zote, akazianika, akangojea zikauke muzuri. Kisha akanivalisha ile shati yenye mudogo yangu alikuwa anapenda, juu alisema kama anaiona inatembea-tembea mu njia haitamuumiza sana. Mi sikuipenda, ilikuwa inanibana. Lakini niliivaa mupaka ikapasuka, juu mama alikuwa anaangalia."

Kisha akaongeza kwamba nisizigawe siku moja. Nianze na zile ambazo sikumbuki alizivaa lini.

Claudette alikuwa mlangoni. Mtoto wake alikuwa ameeleza siri ya nyumba mbele ya mgeni, na nilitegemea angemkaripia. Hakufanya hivyo. Aliingia, akakaa karibu yangu kwenye mkeka, bega kwa bega, mpaka Isidore alipokuja kuuliza kama tumemaliza. Miezi mitatu nimemhesabu mama huyu kuwa mtu wa mahesabu. Sikuwahi kumuuliza amezika nani.

15 Mei

Leo ilikuwa zamu ya kuandika sauti ya jana. Wakubwa wanataka matokeo ya Nella na wenzake kabla ya kesho mchana. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila kinachosikika kinaandikwa, hata maneno ya mtu mzima. Ya mtoto yanapewa alama. Ya mtu mzima yanaandikwa kwenye mstari wake na hayapewi kitu.

Nilivaa visikizio, nikaandika mbuzi, nikaandika mbuzi, nikaandika maneno ya Claudette kutoka nje. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikianza kusema. Sikuitambua mara moja, ilikuwa nyembamba sana. Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikaweka vidole kwenye kompyuta, navyo vikakaa tu. Nikajaribu tena, na tena. Sauti ile ilikuwa inamwambia mtu jambo ambalo mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa mjini wote walijua na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Isidore aliniona. Alivuta kiti, akachukua visikizio, akasikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza hakuniangalia. Akaanza kuandika kwa vidole viwili, na kama kawaida yake, akisoma kwa sauti ya chini kile anachoandika.

"Mutoto wangu alikufa," akasoma Isidore.

Akasogea kwenye sehemu ya alama. Akaandika sufuri, kama kanuni inavyotaka. Kisha akabaki akiitazama ile sufuri, mkono hewani.

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya kijana wa watu, kichwa juu ya meza, kwa namna ambayo sikulia kaburini. Iliuma kifuani na kwenye taya na nyuma ya magoti. Isidore hakuniambia ninyamaze wala hakuniambia Mungu anajua. Alifunga dirisha ili wa barabarani wasisikie, akaniletea maji, akarudi kuandika sentensi za Nella mpaka ya mwisho. Alimpa kila alama aliyostahili. Zilipita mstari wa wakubwa mbali sana.

17 Mei

Jana Isidore aliwapigia wakubwa simu, akabishana nao kwa Kifaransa karibu asubuhi nzima. Kwanza walisema hadithi ni ya mbuzi, na ambayo si ya mbuzi haihesabiki. Mwishowe walikubali. Watoto wote waitwe tena, na kila mmoja aulizwe jambo moja ambalo anayeuliza halijui kweli na analihitaji. Isidore ameniomba nimfundishe kuuliza hivyo. Nimemwambia aanze na kinachomkosesha usingizi.

Jioni hiyo hiyo alikaa kwenye mkeka na Irankunda na kumuuliza jinsi ya kumtuliza mama yake kule Bukavu, anayemlilia kwa simu kila Jumapili kwamba arudi. Irankunda alimweleza mpaka giza likaingia.

29 Mei

Matokeo yametoka. Wengi wamepita. Mama wawili walikataa katakata, wakasema mpaka walione blanketi, na watoto wao wamebaki. Nitarudi kwao. Nella ataingia darasa la kwanza Septemba. Nilipomwambia Claudette, hakushukuru. Aliuliza nani sasa atamshika mtoto mdogo yeye akiwa shambani. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, kicheko kibaya chenye kutu.

Mvua zimekwisha, leo ni jua tupu. Asubuhi nilifungua sanduku. Nguo zilikuwa zimeanza kushika ukungu kwenye mikunjo, lakini zimefulika. Nimezianika zote kwenye kamba mbele ya nyumba, gauni kwa gauni, na tangu hapo nimekaa mlangoni nikiziangalia. Inaniuma sana. Nicolas anafika kesho na boti ya Kazimia. Atazikuta nje, na nitamwambia tukae.